Adui Aliyekimbia Mwiko

Baraka, tarehe 9 Septemba 1953

Kwa Bwana Mkubwa unayetuma sinema katika nchi,

Bwana,

Jina lako sikupewa. Nilipomwuliza dereva wa kamio ya sinema barua ya malalamiko huandikwa kwa nani, alisema niandike tu "Biro," yaani ofisi, itafika. Kwa hiyo nakusalimu bila jina, wewe na wote walio chini yako, na naomba barua hii ikukute umekaa, maana ni ndefu.

Mimi ni Nicolas Asukulu, zamani kaporali katika jeshi la Force Publique, leo mkulima wa muhogo hapa Baraka na mwandishi wa barua za watu wasiojua kusoma. Mkono wangu wa kushoto una vidole viwili. Vitatu vilibaki Abisinia mwaka wa 1941. Mkono wa kulia adui aliukosa. Namshukuru kwa hilo. Wewe pengine utamlaumu ukifika mwisho wa barua.

Jumamosi ya tarehe 22 Agosti kamio yako ilifika kwetu. Kwa kuwa ilitaka kuvuka madaraja kabla ya giza, sinema ilionyeshwa saa nane mchana ndani ya ghala la pamba, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Tulikaa juu ya marobota, tukatoka jasho. Bwana Jacques, ambaye kazi yake ni kushika mikrofoni na kutuambia kwa Kiswahili yale tunayoyaona kwa macho, alitangaza kwamba tutaona vita vya Abisinia kama vilivyokuwa. Nikaketi mbele. Nilitaka kuvitazama mara hii bila kulala kifudifudi.

Ili tusije tukabishana baadaye, nakuandikia nilichokiona. Adui ana masharubu kama brashi ya viatu. Kofia yake ya chuma inamshukia hadi puani. Anaposikia mzinga anaingia chini ya meza, na meza ni fupi, matako yanabaki nje. Akiona punda anadhani ni jeshi letu lote, anainua mikono. Kisha mpishi wetu anatoka hemani ameshika mwiko wa bugali, anafukuza nzi, na mara adui kumi na mmoja wanatupa bunduki chini na kukimbia, mmoja anajikwaa, wengine wanamwangukia. Jacques akapiga kelele: "Muone adui! Anakimbia mwiko!" Baraka yote ilicheka. Walicheka mpaka nikaogopa kuta. Kisha bendera, wimbo, askari wetu anakula ndizi, kwisha.

Bwana, nimefikiri siku kumi na nane kabla ya kushika kalamu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu jina langu. Kabla ya sinema yako nilikuwa mtu wa kupewa kiti. Kwenye ndoa na kwenye matanga watu waliuona mkono huu, wakasogea, sikuhitaji kueleza. Sasa nikishuka ziwani kununua ndagala, wauza samaki wananiinulia chochote kilicho karibu, kasia, kijiko, hata samaki mwenyewe, na kusema: "Kaporali, mikono juu!" Nami nacheka nao, kwa sababu asiyecheka ndiye anayechekwa zaidi.

Hayo ya ziwani nayavumilia. Ya nyumbani ndiyo mazito. Mke wangu Godelieve ni mtu wa maneno machache. Siku ile alitangulia mbele yangu njia nzima. Tulipofika akaweka maji motoni, akaniita.

"Nicolas."

"Ndiyo."

"Vile vidole vyako. Ni mwiko ndiyo ilivikata?"

Miaka tisa ya ndoa, Bwana. Miaka tisa ananifunga vifungo vya shati.

2. Kuhusu askari wetu. Yule uliyemwonyesha ameshiba, kaptura yake imepigwa pasi, na anashika bunduki kama mtu anayetaka kufagia. Sijui ulimtoa wapi. Sisi tulikula mchele wenye wadudu, na mchele ulipokwisha tukabaki na wadudu. Miguu ilivimba kwa kukosa chakula cha maana, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Punda wa sinema yako ni mnene, anatikisa mkia. Wa kwetu walikufa mmoja mmoja, tukawala, na ndizi sikuiona mpaka niliporudi.

Na katika sinema yako, Bwana, hafi mtu. Nilitazama kwa makini. Hafi wa kwao, hafi wa kwetu, hafi hata punda. Ni vita vizuri sana. Ningependa kujua vilipiganwa wapi, na kwa nini kikosi chetu hakikupelekwa huko.

3. Kuhusu rangi ya adui. Wote kumi na mmoja ni wazungu. Naungama kwamba wazungu walikuwako. Lakini wengi wa waliotupiga risasi walikuwa watu weusi kama mimi, waliochukuliwa vijijini kwao kama nilivyochukuliwa kwetu, wakapewa kofia na wakaambiwa adui yuko ng'ambo ya kijito. Walipojisalimisha, mwezi wa saba, mimi nilikuwa nimetoka hospitali, nikapewa kuwalinda. Mmoja, mtu mrefu mwenye chale mashavuni, alininyoshea vidole vinne kisha akaonyesha kimo cha watoto. Ana watoto wanne. Nami nikamnyoshea vyangu viwili. Alitikisa kichwa kwa furaha akidhani nina watoto wawili, kumbe ndivyo vilivyobaki.

Mtu huyu yuko wapi katika sinema yako? Au masharubu yalikwisha? Au mliogopa kwamba watu wa Baraka wakimwona watauliza: yule naye aligombana na sisi juu ya nini? Mimi sijui jibu, lakini ningependa kusikia Jacques akilitafuta kwenye mikrofoni.

4. Hii nimeifuta. Ilimhusu Jacques, na niliiandika kwa hasira. Jacques ana watoto saba, na anasema anachoandikiwa.

5. Kuhusu usalama wa nchi. Hapa nakusaidia kazi yako, kwa hiyo usome taratibu.

Dada ya mke wangu, Dorothée, anauza bugali na samaki pale Mboko, kando ya barabara ya Uvira. Naye alikuja kuona sinema. Siku ya Jumanne yake alipita Mboko mzungu mmoja anayepima barabara, mwenye miguu mitatu ya mti ya kuwekea chombo chake, na, kwa bahati mbaya yake, mwenye masharubu. Dorothée alikuwa akisonga. Alipomwona anakuja moja kwa moja kwenye chungu, akakumbuka mafundisho ya serikali. Akainua mwiko.

Mzungu hakukimbia. Alisimama, akautazama mwiko, akautazama uso wa Dorothée, kisha akachungulia chunguni.

"Mama," akasema, "iko na samaki?"

Alikula sahani mbili. Wakati anakula, bamama wa soko walikuwa wamekwisha kukusanyika nyuma ya kibanda, kila mmoja na mwiko wake, wakingoja wale kumi wengine. Walingoja mpaka jioni, bugali zikaungua katika nyumba nyingi za Mboko. Kesho yake Dorothée alikuja kwangu kwa miguu, kwa sababu mimi ndiye mwenye ujuzi wa adui.

"Shemeji, ule muzungu iko adui ao hapana?"

"Alikimbia?"

"Hapana. Alikula."

"Basi si adui."

Akaenda zake ametulia. Hiyo ndiyo elimu tuliyo nayo sasa, Bwana. Anayekimbia ni adui, anayekula ni rafiki. Wewe unacheka, lakini nakuuliza kwa heshima: adui wa kweli akija kesho, amenyoa masharubu, nani atakimbia? Umewafundisha bamama wa Mboko kwamba chui hana meno, na siku chui akifika atawakuta wamemzunguka na miwiko mkononi. Mimi sitakuwa na uso wa kuwazika.

6. Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Hayo ya juu ningeyameza.

Katika kikosi chetu alikuwako mwenzangu anayeitwa Placide, mtu wa Lubondja, kule juu milimani. Tulichukuliwa siku moja, tukapanda meli moja, tukatembea pamoja. Alikuwa na sauti kubwa ya kuimba na hakujua kuimba. Padri wa jeshi alimwomba kwa upole asogeze midomo tu. Nilipoharisha damu alibeba mzigo wangu siku sita juu ya wake, na kila jioni aliniambia uzito wake ili nione haya nipone. Alikufa mwezi wa tano, karibu na kijito, chini ya mlima wa Saïo. Siku ileile ndiyo nilipoacha vidole.

Niliporudi, mwaka wa 1942, nilipanda Lubondja kumwambia mama yake, Mama Émilienne. Ni mjane, na Placide alikuwa mtoto wake wa pekee. Nilimwambia alivyokufa. Nilimwambia adui aliyemwua alikuwa mrefu kama mlango wa kanisa, macho mekundu, bunduki mbili, moja kila mkono, na kwamba Placide hakumgeuzia mgongo, alipigana naye tangu jua kutoka mpaka jua kichwani. Mama Émilienne alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama mwanawe alikuwa amekula asubuhi ile. Nikasema ndiyo. Tangu hapo kila nilipopanda Lubondja aliniomba nimsimulie tena, na watu wa ukoo walikuja kusikiliza, na mimi nilisimulia.

Basi habari zilipopanda mlimani kwamba vita ya Placide inakuja Baraka ndani ya kitambaa cha sinema, mama huyu alishuka. Alitembea siku nzima na nusu. Umri wake sijui, lakini magoti yake yanaujua. Alivaa kitambaa chake cha Pasaka. Nilimketisha mbele, kwenye robota la kwanza, nikakaa ubavuni mwake, na nilikuwa na fahari, Bwana, siwezi kukuficha. Nilifikiri: leo mama ataona kwa macho yake.

Akaona matako chini ya meza.

Hakucheka. Ghala zima linacheka, yeye ametazama mbele, mikono mapajani. Wale kumi na mmoja walipotupa bunduki, akaushika mkono wangu mbovu.

"Nicolas. Ni bale?"

"Bale nani, mama?"

"Ni bale ndiyo baliua Placide?"

Nilisema: "Hapana, mama. Bale ni bengine."

"Na ule yako, ule murefu, iko wapi? Mbona mi simuone?"

Nilitazama kitambaa cha sinema, Bwana. Naapa nilimtafuta yule mrefu wangu. Nilimtafuta nyuma ya meza, nyuma ya punda, nyuma ya miti, mpaka bendera ikapanda. Hakuja. Na Jacques, ambaye hakujua huyu mama ni nani, alimwona amekaza uso pale mbele, akamwelekezea mikrofoni: "Cheka, mama! Cheka! Vita imekwisha!"

Mama Émilienne akasimama, akajifunika mdomo kwa kitambaa chake cha Pasaka, akatoka nje. Nilipomfuata nilimkuta amekaa chini ya ukuta, mabega yanamtetemeka, uso ameugeuza. Hakutaka nimguse. Alirudi Lubondja siku ileile bila kula kwangu.

7. Siku tano baadaye alikuja mjomba wa Placide, mzee Isidore, na wanaume wawili wa ukoo. Walikuja kwa adabu. Walinawa, walikula, walimsifu Godelieve kwa mboga yake ya sombe. Kisha mzee Isidore akaweka mikono magotini.

"Nicolas, we ulituambia. Sinema nayo imetuambia. Maneno mbili hazifanane."

"Sinema ni uongo, mjomba."

"Ni ya serikali."

Wewe ungejibu nini, Bwana?

"Kama adui ilikuwa vile," akasema, "Placide hawezi kufa kwa mukono yake. Hata mutoto hawezi kufa kwa mukono yake. Na Placide alikufa. Basi tunataka kujua: nani alimuua? We ndiye ulikuwa karibu."

Godelieve akaangusha kifuniko. Nimeitwa mbele ya baraza la ukoo, Lubondja, tarehe 20 ya mwezi huu. Miaka kumi na miwili adui alishindwa kunimaliza, na wewe, kwa mashine moja na mablanketi manne, umenifanya mwuaji wa rafiki yangu.

Kwa sababu hizo zote, naomba mambo haya, nayo si makubwa ukilinganisha na madaraka yako.

Kwanza, umkuze adui. Simwombi awe mrefu kama mlango wa kanisa. Najua vitambaa vina mipaka. Awe tu mrefu kama mimi. Umtoe chini ya meza, umnyoe, umpe kofia ya kichwa chake. Afyatue risasi hata moja, na risasi hiyo ipige mtu.

Pili, ukiona hilo haliwezekani kwa sababu adui kweli ndivyo alivyo, basi naomba utuletee ule mwiko. Ulikuwako jeshini na sisi hatukuambiwa. Tulikokota mizinga matopeni, watu wazima wakilia kwa uchovu, na mpishi alikuwa na ushindi chunguni. Kila askari wa zamani wa wilaya yetu ya Fizi apewe mmoja auweke ukutani, ili watoto wake wakiuliza baba alipoteza nini vitani, aonyeshe kile ambacho kingemzuia asipoteze kitu.

Tatu, naomba sinema ya adui. Usiniambie hakuna. Mtu anayetengeneza meza fupi kiasi kile lazima amejifunza kwa mwenzake. Najua huko kwao kuna ghala, na madirisha yamezibwa, na mtu ameshika mikrofoni, na juu ya kitambaa niko mimi. Nataka kuona huko ninakimbia nini. Je, ni ufagio? Je, ni mbuzi? Nina midomo ya namna gani, na vidole vingapi? Na yule mwenye watoto wanne amekaa kwenye robota la mbele akiniona, anacheka au anauliza yule ndiye niliyepigana naye?

Nne, na hili ndilo la mwisho. Ukiniletea sinema yao, nitaziweka mbili pamoja mbele ya baraza. Katika yako wao wanatukimbia sisi. Katika yao sisi tunawakimbia wao. Zote mbili ni za serikali, kwa hiyo zote mbili ni kweli. Basi majeshi mawili yalikimbiana, moja huku na jingine kule, na hapo kijitoni hakubaki mtu. Hakuna aliyepiga risasi. Hakuna aliyepigwa. Kama hakuna aliyepigwa, Placide hakufa. Na kama hakufa, Bwana, ninyi ndio mliomchukua, ninyi ndio mnaye.

Naomba mmrudishe. Atakuwa na miaka thelathini na minne. Huvaa viatu namba arobaini na tatu, msimpe vidogo, atavivaa tu kwa adabu na kuumia. Mtu wa kumpokea yuko, nyumba iko. Afike kabla ya tarehe 20, kwa sababu nitakuwa nimesimama peke yangu mbele ya wajomba zake, na yeye ndiye shahidi pekee niliye naye.

Najua barua kama hii inaweza kuniletea fimbo. Kama ni hivyo, naomba zipigwe asubuhi, nipate kwenda shambani.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto. Nisalimie dereva wa kamio, aliyenipa tumbako, na yule anayezungusha mashine, ambaye peke yake alitoka jasho kuliko sisi. Bwana Jacques nitamsalimia mwenyewe, tunakutana kanisani. Na yule mwigizaji mwenye masharubu, popote alipo, mwambie watu wa Baraka hawana ugomvi naye. Alikuwa kazini, kama nilivyokuwa mimi.

Nimebaki mimi, mwenye kukuheshimu kwa mkono mmoja na vidole viwili vya mwingine,

Nicolas Asukulu,
kaporali wa zamani, Baraka

N.B. Tarehe 21 Septemba. Bwana, barua hii bado ninayo. Sikutaka kuituma kabla ya mwenye msiba kuisikia, kwa hiyo jana niliibeba Lubondja, nikaisoma mbele ya baraza badala ya kujitetea. Mzee Isidore alikuwako na ukoo wote. Mama Émilienne alikuwa kando akimenya muhogo. Nilisoma kutoka salamu mpaka salamu. Nilipomaliza akaweka kisu chini.

"Nicolas, ule murefu. Ulimuona na macho yako?"

Nimesimama mbele ya makapiteni, Bwana, nikawajibu haraka. Pale niliikunja kwanza barua hii, mara mbili.

"Hapana, mama."

Kisha nikasema yote. Ilikuwa asubuhi, tunajaza maji. Placide alikuwa anaimba, vibaya, mimi nikamwambia anyamaze atawaamsha adui, akacheka. Zikaja risasi kutoka kwenye nyasi za ng'ambo. Yeye alianguka majini, mimi nikaona mkono wangu si mkono. Sikuona mtu. Hakuna aliyeona mtu. Niliona nyasi zinatikisika, na huenda ulikuwa upepo tu. Kwamba alikuwa amekula asubuhi ile, hilo nalo sijui. Yule mrefu nilimtengeneza njiani nikipanda Lubondja, maana sikuweza kumpelekea mama nyasi.

Mzee Isidore alitazama chini. Nilifikiri mama atanifukuza. Akasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema:

"Miaka kumi na moja ule murefu yako iko kwangu. Nikienda mashamba, namuona. Nikichota maji, namuona, na bunduki yake mbili. Kila mara ukikuja, unamuongeza urefu. Mi nilikuwa nakuomba urudilie ile hadisi sababu nilifikiri siku moja utasema Placide alimuangusha. Haukusema hata siku moja. Pale Baraka nilimuona adui anaanguka, kwa mara ya kwanza. Nilitoka inje juu ya kicheko, ilikuwa inanikamata. Nilisikia haya, mama wa marehemu kucheka mbele ya batu. Nilicheka pale chini ya ukuta mpaka nikalia."

Baraza limenisamehe. Wamenitoza mbuzi mmoja kwa ajili ya yule mrefu, nami nimekubali.

Kwa hiyo, Bwana, naomba uyafute malalamiko yangu yote, isipokuwa la tatu, la yule mwenye watoto wanne, ambalo bado nangoja jibu lake. Adui usimkuze. Umwache na kofia yake na meza yake. Naomba tu ulete sinema ileile Lubondja. Barabara ni mbaya baada ya mto, lakini mzee Isidore ameahidi wanaume ishirini wa kusukuma kamio, na nyumba ya kuzibwa madirisha ipo. Jacques aje naye, ila mama akicheka asimwambie neno.

Mama Émilienne ananihimiza nikuulize jambo moja, na anataka jibu kabla ya mvua. Anauliza: yule mtu anaanguka kila mara sinema ikionyeshwa, au alianguka siku ile tu?